Paka wanaamka wamepoa baada ya kufungwa kizazi: tunakosea wapi?

SWALI: Mimi ni msaidizi katika kliniki ndogo ya wanyama, Arusha. Tunafunga kizazi paka jike kwa ketamini na zailazini, dawa za usingizi za sindano; mashine ya usingizi wa gesi hatuna. Wengi wanachelewa sana kuamka. Juzi mmoja tulimpima saa moja baada ya kushonwa, tukakuta nyuzi 34.8. Huwa tunawawekea chupa za maji ya moto, lakini mwezi uliopita mmoja alitoka malengelenge ubavuni. Dripu pia tunaipasha kwenye beseni. Tunakosea wapi?

JIBU: Hujasema paka huyo alikuwa na joto gani kabla ya kukatwa, na nadhani ni kwa sababu hakupimwa. Anzieni hapo. Paka mzima ana nyuzi 38.1 hadi 39.2. Huyo wa 34.8 hakupoa wakati wa kushonwa tu. Sehemu kubwa ya joto lake ilimtoka mapema, tangu alipochomwa sindano, wakati ananyolewa na kusafishwa, daktari akiwa bado ananawa mikono. Ninyi mnaleta chupa mwishoni, kazi ya kupoa ikiwa imeshakwisha. Kumrudishia paka nyuzi tatu ni kazi ya saa kadhaa. Kumzuia asizipoteze ni kazi ya dakika chache.

Paka wa kilo 3 ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, na dawa ya usingizi inamnyima kinga zake zote kwa pamoja: hatetemeki, hajikunji, misuli imelegea haitengenezi joto, na ubongo wenyewe unachelewa kutambua kwamba mwili umepoa. Sasa fikiria amelazwa juu ya meza tupu ya chuma, asubuhi ya Julai Arusha, dirisha wazi.

Kwa hiyo joto lianze kabla ya sindano. Akishapimwa uzito, mwekeni kwenye boksi la katoni lenye taulo, lililofunikwa nusu, na chupa ya uvuguvugu pembeni, dakika 20 hadi 30. Achomwe na abaki humo humo mpaka dawa imchukue. Fungeni madirisha, zimeni feni, chumba kifike angalau nyuzi 24. Mezani tandikeni kwanza ile plastiki ya vipovu inayofungiwa vyombo vya kioo, kisha taulo kavu juu yake. Miguu yote minne ivikwe soksi za mtoto, na kifua kifunikwe kwa kipande kingine cha plastiki hiyo. Ulimi na sehemu moja ya kushikia mapigo ya moyo viachwe wazi, maana lazima mviangalie wakati wote.

Kwenye kunyoa na kusafisha ndiko kliniki nyingi zinakoumiza paka bila kujua. Nyoeni eneo la kazi na ukingo wa kutosha kwa shuka la upasuaji, si tumbo zima. Pamba ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ikamuliwe vizuri. Suuzeni kwa salaini (maji ya chumvi ya hospitali) ya uvuguvugu badala ya kummiminia spiriti, kwa sababu spiriti ikikauka inaondoka na joto la ngozi. Halafu pitisha mkono wako chini ya mgongo wa paka. Ukikuta manyoya yamelowa, maji yalitiririka na taulo limelowa pia, na plastiki yako haina kazi tena. Badilisha taulo, mkaushe, ndipo aanze kukatwa.

Sasa malengelenge. Zailazini inabana mishipa ya damu ya ngozini, na paka aliyepoa naye mishipa yake imebanwa. Damu ndiyo inayochukua joto pale chupa inapogusa na kulisambaza mwilini. Isipopita, joto lote linabaki kwenye kipande kile kile cha ngozi, na paka hawezi kusogea wala kulia. Ndiyo maana chupa ambayo mkononi mwako ni ya kuvumilika inamuunguza yeye. Maji yawe nyuzi 40 hadi 42, si ya kuchemka yaliyopoa kwa kukadiria. Themometa nyingi za kidijitali za kliniki zinaishia karibu na nyuzi 42 na kuonyesha H zaidi ya hapo. Mkiitia kwenye maji ikaandika H, subirini. Chupa izungushiwe taulo, ikae kando ya mgongo, isiwe chini yake wala kubanwa kwapani. Na ikipoa itolewe au ijazwe upya, kwa sababu chupa ya nyuzi 30 inamnyonya joto paka wa 36. Mkeka wa umeme wa kulalia watu msiutumie kabisa, wala msimpulizie hewa ya mashine ya kukaushia nywele.

Dripu ya beseni haiwasaidii kiasi mnachodhani. Paka wa kilo 3 kwa mililita 3 kwa kila kilo kwa saa anapata mililita 9 tu. Hata zikiwa za nyuzi 20, hazimshushi hata sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja, na mkizipasha zinapoa ndani ya mpira wa dripu kabla hazijamfikia. Maji ya kusuuzia yanayomiminwa ndani ya tumbo wakati wa upasuaji ni jambo jingine: mililita 100 za nyuzi 20, zikibaki mpaka zipate joto la mwili, zinakula karibu nyuzi 0.7. Hayo, pamoja na maji ya kuchoma chini ya ngozi, pasheni yafike nyuzi 38.

Pimeni joto kabla ya sindano, kabla ya kukata, kisha kila dakika 15. Themometa iguse ukuta wa njia ya haja kubwa. Ikizama kwenye kinyesi itawadanganya. Na kabla ya kuongeza ketamini kwa sababu tu muda umefika, soma joto kwanza. Paka aliyepoa anahitaji dawa kidogo, na ini na figo zake zinaiondoa polepole. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo wengi wenu mnawapata wale wanaolala mpaka jioni. Moyo ukipiga polepole kwa sababu ya baridi, atropini, dawa ya kuharakisha moyo, haifui dafu; mpeni joto.

Baada ya kushonwa arudi kwenye boksi lile lile, akiwa mkavu, na mtu karibu yake. Akianza kutetemeka si dalili ya kupuuza: misuli inatumia oksijeni nyingi wakati mapafu bado yamelegea. Joto likifika 37.5 ondoeni chupa, acheni taulo tu, na endeleeni kupima. Paka aliyepewa ketamini au dawa za maumivu za jamii ya mofini anaweza kupita 39.5 akishaamka, huyo afunuliwe na awekwe penye hewa.

Watoto wa paka wa chini ya wiki 16 msiwanyime chakula kabla ya upasuaji zaidi ya saa 4, kwani akiba yao ya sukari ni ndogo na bila sukari hawatengenezi joto. Wakishaamka na kumeza vizuri, wapeni kijiko cha chakula laini. Na paka yeyote asikabidhiwe kwa mwenyewe akiwa chini ya 37.5 au kabla ya kuweza kujiinua na kulalia kifua bila kushikwa.