Karatasi ya siri ni ya kukuonesha njia, si ya kuchapisha

Vijana wanaotaka kuingia kwenye uandishi wa uchunguzi huniuliza kwanza khabari ya simu: programu ipi ni salama, ipi inasikilizwa. Nawajibu, lakini huwaambia pia kwamba Zanzibar mtoa khabari mara nyingi hafichuliwi na mitambo. Hufichuliwa na binadamu aliyesoma naye skuli ya Lumumba, akaoa kwao, na anayejua nani katika ofisi ile ana mazoea ya kuanza kila kauli kwa "kimsingi". Ukiandika "ofisa mmoja wa fedha aliyeomba jina lake lisitajwe", na ofisi yenyewe ya Pemba ina maofisa wa fedha wawili, umeshamtaja. Barza ya kahawa itamalizia kazi iliyobaki kabla ya Ijumaa.

Kwa hivyo jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni hili: khabari yako isisimame juu ya mtu aliyekuletea. Alichokuletea kikuoneshe pa kwenda tu. Ukishajua, tafuta njia nyengine ya kufika palepale, kwa karatasi ambayo mtu yeyote angeweza kuipata au kwa kusimama mahali ambapo mtu yeyote angeweza kusimama.

Niliwahi kuletewa kurasa za faili kuhusu ujenzi wa madarasa huko Pemba. Malipo yameshatoka yote, cheti cha kukamilika kwa kazi kimesainiwa, na madarasa hayana paa. Mwandishi mchanga angezipiga picha kurasa zile usiku uleule na kuzirusha. Lakini hebu utazame kwa utulivu ukurasa wa faili la Serikali. Juu upande wa kulia pana namba ya folio, yaani ya karatasi ile ndani ya faili, iliyoandikwa kwa kalamu. Pembeni pana maelekezo ya mkubwa kwa mwandiko wake. Kuna muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala iliyoko kwa mhasibu haina maelekezo yale, iliyoko kwa mhandisi inayo. Ukiichapisha, wenye faili watajua asubuhi moja imetoka meza gani, na mtu wako atakuwa nyumbani akisubiri barua ya kusimamishwa.

Nilikwenda skuli. Kibao cha mradi kilikuwa bado kimesimama barabarani, na vibao hivi watu huvidharau bure: kina jina la mkandarasi, la msimamizi, la anayetoa fedha, na tarehe ya kuanza na kumaliza. Walimu na wazee wa kamati ya skuli walizungumza bila woga, kwa sababu walikuwa wakisema kitu ambacho kila mpita njia anakiona. Jina la kampuni nikalitafuta kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Hapa zingatia: Zanzibar ina daftari lake la makampuni na Bara wana lao, BRELA. Kampuni usiyoiona upande mmoja usiiite hewa mpaka umetazama na upande wa pili. Mwisho nikasoma hotuba ya bajeti ya wizara iliyowasilishwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Madarasa yale yametajwa kuwa yamekamilika. Sikuhitaji tena ukurasa hata mmoja wa faili, na aliyeniletea yuko kazini mpaka leo.

Taarifa Rasmi za Baraza, hizo kumbukumbu za mijadala, ni hazina ambayo hatuitumii. Swali la mwakilishi na jibu la waziri ni ahadi yenye tarehe. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali Zanzibar ndizo kila mtu anazikimbilia siku zinapokabidhiwa kwa Rais, kisha wanaandika jumla moja kubwa ya mabilioni na kuziacha. Mimi huanzia kwenye viambatisho, kule kwenye majina ya taasisi na hoja za ukaguzi za mwaka uliopita ambazo bado hazijafungwa. Hoja inayorudi kila mwaka kwa taasisi ileile ina khabari ndani yake kuliko jumla yote. Lakini hoja ya ukaguzi si hatia. "Malipo yasiyo na vielelezo" maana yake ni kwamba vielelezo havikuonekana na mkaguzi. Huenda fedha imeliwa, huenda risiti ziko kwenye kabati la mtu aliye likizo. Ukiandika "wizi" pale ambapo mkaguzi hakuandika hivyo, umempa mtuhumiwa wako zawadi.

Watu huuliza kama wapeleke walichokipata ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Raia yeyote ana haki ya kupeleka. Mwandishi, kwa maoni yangu, achapishe, halafu aulize kwa maandishi kama jalada limefunguliwa. Ukianza kuwapelekea nyaraka, siku ya pili watakuuliza nani amekupa.

Sasa mahali pa kuonana. Hoteli ya Mji Mkongwe ni pabaya: wewe na mtumishi wa Serikali kwenye meza ya watalii, mhudumu ni mtoto wa jirani yenu. Gari iliyoegeshwa ufukweni ni mbaya zaidi. Pazuri ni pale ambapo nyote wawili mngekuwepo hata bila ya shughuli yenu: msibani, kwenye khitma, kwenye maulidi, ukumbini harusini nje ya mlango wa wanaume. Wapo watakaoona si adabu kuzungumza habari za zabuni kwenye tanga la mtu, na sibishani nao. Lakini hakuna anayejiuliza kwa nini watu wawili wanazungumza pembeni baada ya maziko. Na mwanamke mtoa khabari kwa mwandishi mwanamme ni mtihani wa peke yake. Akionekana na wewe mara mbili, litakaloanza kusemwa si rushwa. Mtafutie mwandishi mwanamke, mpe khabari yote, na jina la mwandishi juu ya khabari liwe lake.

Simu, basi, nizipitie haraka. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hivyo nani alimpigia nani na saa ngapi ni jambo linalojulikana hata kama maneno hayakusikilizwa. Programu ya Signal yenye ujumbe unaojifuta ni nzuri. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupoteza taarifa nyingi za ndani, ikitumwa kama faili hubaki nazo, pamoja na saa na pengine mahali ilipopigwa. Mtoa khabari asikutumie kutoka simu ya kazini wala kwa intaneti ya ofisi.

Kwa khabari za askari, kosa ninalolikuta zaidi liko kwenye neno "polisi". Mtu aliyepigwa atakwambia "askari walinipiga", na mwandishi anaandika "Polisi wampiga". Jeshi la Polisi ni la Muungano. Kamishna wake wa Zanzibar yuko Ziwani, na juu yake yupo Inspekta Jenerali. JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), Valantia, Zimamoto na Chuo cha Mafunzo (yaani magereza) ni idara maalum za Serikali ya Mapinduzi, zenye wakubwa wengine kabisa. Kisha kuna askari wa manispaa. Na kwenye misimu ya uchaguzi wapo wale waliofunika nyuso ambao watu mwaka 2015 na 2016 waliwaita mazombi, na ambao hakuna ofisi iliyokubali kuwa ni wake. Aprili 2021, mwandishi wa Mwananchi Jesse Mikofu alipopigwa pale Darajani akipiga picha wafanyabiashara wadogo wakiondolewa, waliotajwa walikuwa askari wa vikosi hivyo vya Serikali ya Mapinduzi, SMZ. Ukikosea jeshi, msemaji wa jeshi ulilolitaja atakanusha, atakuwa anasema kweli, na khabari yako yote imekufa kwa kanusho moja.

Kwa hivyo muulize aliyepigwa nguo zilikuwa rangi gani, kofia ya aina gani, gari ilikuwa na namba za aina gani, walimpeleka jengo gani. Polisi wa vyeo vya chini wana namba za jeshi zenye herufi mbele, na zikifika mahkamani huandikwa kwenye hati pamoja na cheo. Hati ya mashtaka ya huyo aliyepigwa, ikiwa alishtakiwa, inaweza kukupa majina ya askari ambayo kituoni hutayapata katu.

Kisha kuna PF3. Majeruhi anatakiwa awe na fomu hii ya polisi, na aliyepigwa na polisi anatakiwa aende kwa polisi kuiomba. Wengi hawaendi, wanajitibu nyumbani kwa maji ya moto na dawa za dukani, na baada ya wiki mbili hakuna alama wala karatasi. Ukimfikia mapema, usianze na mahojiano. Mpeleke hospitali. Cheti cha daktari chenye tarehe kitasema kitu ambacho maneno yako elfu moja hayawezi kusema. Wasaidizi wa sheria waliomo kwenye shehia, wengi wao waliofunzwa na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, wamezoea kumsindikiza mtu kituoni, na kituo chenyewe kina ofisi Unguja na Pemba. Malalamiko dhidi ya chombo cha dola yanapokewa pia na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na barua ya kupokelewa kwa lalamiko ni karatasi nyengine mkononi mwako.

Mashahidi wahoji mmoja mmoja, na mapema. Baada ya siku tatu barza imeshaipiga pasi hadithi: kila mtu anasimulia aliyoyaona yeye pamoja na aliyoyasikia kwa wenzake, na hawezi tena kuyatenganisha. Muulize alikuwa amesimama wapi, nani alikuwa ubavuni mwake, kitu gani hakukiona. Anayekwambia "hapo sikuona" ndiye wa kumuamini.

Wapemba wa umri wangu wanaelewa kwa nini nasisitiza. Baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch katika ripoti yake ya mwaka 2002 ilitaja waliouawa wasiopungua 35. Tume ya Serikali iliyoongozwa na Brigedia Hashim Mbita ikawa na hesabu yake. Wakati huo mashahidi wengi hawakuwepo hata kisiwani, walikwishavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Maiti zetu tunazizika haraka, kama dini inavyotutaka, na mtu akizikwa bila ya kupita hospitali hana karatasi inayosema amekufa kwa nini. Mwandishi anayekwenda nyumba kwa nyumba na daftari, akiandika jina, shehia, siku ya maziko na nani alimuosha maiti, anafanya kazi ambayo hakuna tume itakayokuja kuifanya vizuri zaidi miaka miwili baadaye.

Upande wa sheria, jambo moja linawaaibisha wengi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inahusu Tanzania Bara. Ukiinukuu kwenye barua kwa ofisi ya Serikali ya Zanzibar, ofisa ataifurahia, kwa sababu umempa sababu ya kukurudisha. Nukuu kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, na omba hati kwa jina lake: mkataba fulani, wa tarehe fulani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hiyo inatufikia huku, na kifungu chake cha 16 cha taarifa za uongo ndicho cha kukumbuka kabla ya kubonyeza kitufe.

Karatasi zako binafsi nazo ziwe sawa. Kitambulisho cha uandishi cha Idara ya Habari Maelezo, usajili, kodi, hata cheti cha kuzaliwa. Gazeti la Dira lilifungiwa Novemba 2003, na mhariri wake, marehemu Ali Nabwa, alijikuta uraia wake unahojiwa. Khabari isipojibika, hutafutwa mwandishi.

Bahasha, yaani fedha anayopewa mwandishi na anayemuandika, sitaisemea sana. Ukipanda gari ya taasisi unayoichunguza, ukalala kwenye nyumba yao ya wageni, hukwenda kuchunguza. Nauli ya boti kwenda Pemba ilipe mwenyewe, na ukiikosa, subiri mwezi ujao.

Maswali kwa mtuhumiwa peleka kwa maandishi, mapema, yakiwa mahsusi: fedha kiasi gani, zimelipwa lini, kwa nani. Usiseme kwa simu. Peleka nakala mbili masijala, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo uondoke nayo. Wakija kusema hawakupewa nafasi ya kujibu, muhuri wao unawajibu. Na ikiwa ofisi unayoiuliza iko Pemba, siku hiyohiyo peleka barua kama ile makao makuu Unguja. Ukiacha moja, Pemba watakwambia msemaji yuko Unguja, na Unguja watakwambia hilo ni suala la Pemba, na mtapishana hivyo mpaka mwaka wa fedha umalizike.