Hamu ya kutafuna udongo: anza na damu

Dada, umeuliza kwa nini huwezi kupitisha siku bila kutafuna udongo, ule uitwao pemba au odowa, ingawa huna mimba. Tafadhali usijilaumu. Mara nyingi hamu hii huambatana na upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa anayetoka hedhi nzito.

Kwa hiyo kapime wingi wa damu kwanza. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Omba na kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma, kwa sababu akiba huweza kuisha damu ikiwa bado inasoma vizuri. Pima choo pia: minyoo ya safura hunyonya damu.

Ukiandikiwa vidonge vya chuma, vimeze na maji au juisi ya chungwa. Chai na maziwa visogeze mbali kwa saa 2 hivi, maana huzuia chuma kufyonzwa. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Wengi hukosea hapa: hamu hupungua ndani ya wiki chache, wanaacha dawa, inarudi. Akiba hujazwa kwa miezi, kwa kawaida 3 baada ya damu kupanda.

Udongo wenyewe hukamata chuma tumboni, hufunga choo, na huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiuweke kwenye mkoba wala karibu na kitanda. Hamu ikija, tafuna karoti mbichi au karanga za kukaanga, kinywa kipate cha kuvunja.