Peji folti za VM: usihesabu tu, pima zinakaa muda gani

Wakuu, naandika hii kwa ajili ya mafundi wanaoendesha VM (kompyuta pepe ndani ya seva) kwenye KVM (sehemu ya Linux inayoziendesha) hapa mjini, hasa wale wenye seva moja au mbili kwenye kachumba nyuma ya ofisi, kwa sababu naona watu wanauziwa RAM ambayo hawaihitaji. VM ikiwa nzito mtu anakimbilia `perf kvm stat live`, anaona EPT_VIOLATION (jina la folti hizi kwa Intel) zimejaa, anasema aah memori imeisha, bosi anatoa hela Kariakoo, RAM inafungwa, na uzito uko palepale.

Kwanza tuelewane folti yenyewe ni nini maana hapa ndipo watu wengi wanapoteana. VM inajiona ina memori yake, ila ile memori ni ya hosti (seva yenyewe), na prosesa inatafsiri mara mbili, jedwali la VM kwanza halafu jedwali la hosti (EPT kwa Intel, NPT kwa AMD). Jedwali la hosti likiwa halina ule ukurasa, au lina ukurasa ila hauruhusiwi kuandikwa, prosesa inatoka nje ya VM na kumkabidhi KVM kazi. Hiyo ndiyo folti tunayoizungumzia, na VM yenyewe haiioni kabisa, kwa hiyo ukiingia ndani ya Windows ya mhasibu ukafungua Task Manager hutaona kitu.

Sasa nyingi ya folti hizi ni za kawaida kabisa. Umeme ukikatika na UPS ikazidiwa, ukirudi VM zote zinawaka kwa pamoja, kila moja inagusa memori kwa mara ya kwanza, na VM ya GB 8 kwa kurasa za KB 4 ina kurasa 2,097,152 za kuguswa, wakati kwa kurasa za MB 2 ni 4,096 tu. Kwa hiyo ukitreisi dakika hiyo utaona mvua ya folti na hakuna ugonjwa wowote. Kuhesabu folti bila kupima muda ni sawa na kusimama Ubungo unahesabu daladala zinazopita, hujui ipi imekaa foleni saa nzima.

Tukio la KVM linaitwa `kvm:kvm_page_fault`. Kwenye kerneli za zamani lilikuwa linakupa vitu viwili tu, anwani na `error_code`, hujui ni vcpu (prosesa pepe ya VM) ipi wala ni amri gani ilikuwa inatekelezwa. Kerneli za sasa zinakupa na namba ya vcpu na rip (anwani ya amri inayotekelezwa), na hilo kwangu ni sababu tosha ya kupandisha kerneli ya hosti. Kama huwezi kupandisha, washa na `kvm:kvm_exit` kwa pamoja, rip utaipata huko, na vcpu utaijua kwa jina la thredi maana ukitumia libvirt thredi inaitwa kabisa CPU 0/KVM, CPU 1/KVM na kuendelea.

Halafu jifunze kusoma `error_code`, tafadhali sana, hii ndiyo inayotenganisha fundi na mbahatishaji. Kwa Intel tukio hili linaandika hapo exit qualification (maelezo ya prosesa kuhusu folti), angalia hasa tarakimu mbili za mwisho: 0x181 ni VM imesoma ukurasa ambao haupo, 0x182 imeandika kwenye ukurasa ambao haupo, 0x1aa imeandika kwenye ukurasa uliopo ila umefungwa usiandikwe. Hiyo ya mwisho ukiiona nyingi kwa ghafla angalia kama kuna mtu anahamisha VM ikiwa hai, maana wakati huo KVM inaweza kufunga kurasa makusudi ijue zipi zimebadilika, au angalia kama KSM imewashwa inaunganisha kurasa zinazofanana. Biti ya 0x100 isipowaka, folti imetokea wakati prosesa inapita kwenye jedwali la VM lenyewe. Kwa AMD biti ya yuza inawaka muda wote, kwa hiyo kusoma ni 0x100000004, kuandika ni 0x100000006, na iliyofungwa ni 0x100000007, usije ukalinganisha seva mbili za aina tofauti ukadhani moja inaumwa.

Ila kodi peke yake haikutoshi. Ukurasa unaoguswa mara ya kwanza na ukurasa uliotupwa kwenye swapu ya hosti (sehemu ya diski ya kuwekea memori isiyoguswa) vyote vinakuja na kodi ileile ya "haupo". Kinachovitofautisha ni muda, cha kwanza ni maikrosekunde chache, cha pili kinasubiri diski na kama diski ni ya kuzunguka unaongelea milisekunde kadhaa kwa kila ukurasa. Mimi natumia skripti hii ya bpftrace (zana ya kupima matukio ndani ya kerneli):

```
bpftrace -e '
tracepoint:kvm:kvm_page_fault { @s[tid] = nsecs; @k[tid] = args->error_code; }
tracepoint:kvm:kvm_entry /@s[tid]/ {
  @us[@k[tid]] = hist((nsecs - @s[tid]) / 1000);
  delete(@s[tid]); delete(@k[tid]); }'
```

Inapima toka folti inapoingia mpaka VM inaporudi kazini, na inakupangia kwa kila kodi. Kodi itaziandika kwa desimali, kwa Intel 386 ndiyo ile 0x182, usishtuke. Uzuri wake kuhesabu kunafanyika ndani ya kerneli, haimwagi mistari milioni kwenye diski, maana bafa ya ftrace (zana ya kerneli ya kurekodi kila tukio) ikijaa inapoteza matukio na unabaki na picha nusu.

Kuna duka moja la jumla pale Kariakoo, VM ya hesabu ilikuwa nzito kila asubuhi mpaka saa nne hivi, halafu inakuwa nyepesi yenyewe. Dada wa hesabu alishazoea, anafungua programu anaenda kunywa chai. Walishaambiwa waongeze RAM. Grafu ilitoka na vilima viwili, kimoja kidogo cha maikrosekunde na kingine kirefu cha milisekunde, kodi ya kusoma, vcpu zote. Nikaangalia `VmSwap` kwenye `/proc/` ya ile prosesi ya qemu (programu inayobeba VM), ipo juu, na `vmstat 1` safu ya si (memori inayorudishwa kutoka swapu) inacheza. RAM ilikuwepo! Tatizo ni bekapu ya usiku, ilikuwa inasoma mafaili makubwa ya VM kwa kupitia kashe ya hosti, kashe inavimba, hosti inaona memori ya VM imelala haiguswi na mtu usiku ule inaisukuma kwenye swapu, asubuhi dada anafungua programu na kila ukurasa unavutwa tena kutoka diski.

Tuliweka `cache=none` kwenye diski za VM ili zisipite kashe ya hosti, bekapu tukaifanya isome moja kwa moja bila kupita kashe, na swappiness (kiwango cha hosti kupenda kutumia swapu) tukaishusha kutoka 60. Hakuna shilingi iliyotumika kwenye RAM.

Angalizo moja muhimu kwa wenye VM za Linux: kuna kitu kinaitwa async page fault, KVM ikiona ukurasa uko kwenye diski inaweza kuiambia VM ifanye kazi nyingine kwanza, kwa hiyo muda wa kwenye skripti unaonekana mfupi wakati programu ndani bado inasubiri. Hapo washa na `kvm_async_pf_not_present` na `kvm_async_pf_ready`, upime kati ya hizo mbili kwa kutumia tokeni yake (namba inayoziunganisha).

Na ukitaka kujua rip ni ya nani ndani ya VM ya Linux, chukua `/proc/kallsyms` (orodha ya majina na anwani za kerneli) ya VM hiyohiyo ikiwa imewaka, usichukue ya jana, maana kerneli inabadilisha anwani zake kila ikiwaka.

Kuhusu hugepages (kurasa kubwa, kama zile za MB 2), naona watu wanazishauri kama dawa ya kila kitu. Ni nzuri kweli, haziendi swapu na folti zinapungua sana, ila ukishazitenga zimetengwa, huwezi tena kugawa RAM zaidi ya uliyonayo. Kwa seva ya GB 32 yenye VM sita mimi ningeipa hugepages ile ya database peke yake, zilizobaki ziache zilivyo na uendelee kuziangalia asubuhi.