Siku kumi za likizo: chagua barabara kabla ya vivutio

Saa nne asubuhi tulikuwa tumeshafika mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Wanangu wawili wamekalia mabegi, akina mama wanaanika dagaa, na maji ya Ziwa Tanganyika maangavu hata kokoto za chini unazihesabu. Nikauliza boti ya kwenda Hifadhi ya Gombe. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akanijibu kwa upole: "Mama, boti za abiria zinatoka mchana, zinarudi asubuhi. Ukienda leo, unalala huko huko."

Tiketi zetu za basi la Mpanda zilikuwa za kesho yake alfajiri. Tulikuwa tumetoka Moshi, tukapita Mwanza, tukakaa kwenye viti vya basi mpaka miguu ikavimba, ili watoto waone sokwe. Sokwe wenyewe walikuwa kilomita zisizofika 30 kutoka pale tuliposimama. Hatukuwaona. Mwanangu mdogo hakulia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wiki iliyopita mpwa wangu kaniandikia: "Shangazi, nimepata likizo siku kumi mwezi wa tisa. Niende Mwanza, Kigoma, Mbeya au Zanzibar?" Nilitaka kumjibu kwamba kote kuzuri. Nikakumbuka Kibirizi, nikaona bora niandike kwa kirefu.

Kosa letu lilianzia ukutani, kwenye ramani. Tanzania ina zaidi ya kilomita za mraba 940,000, lakini kwenye karatasi Kigoma na Mbeya ni pua na mdomo. Tukapanga siku 14 na miji mitano. Mwanza niliona Jiwe la Bismarck nikiwa ndani ya bajaji. Mbeya tuliingia usiku, tukaondoka alfajiri, Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu kule Rungwe tukaviacha nyuma yetu. Nauli tulilipa ya kuzunguka nchi nzima, na tulichokiona zaidi ni migongo ya viti.

Tangu hapo nina desturi moja. Nachukua karatasi, naandika siku zote za likizo, kisha nakata kila siku nitakayoshinda barabarani. Siku ya basi si siku ya matembezi, hata kama dirishani kunapendeza. Katika siku kumi, zikikatwa zaidi ya nne, naondoa mji mmoja bila huruma. Na sianzi tena na orodha ya vivutio. Naanza na barabara: kutoka hapa nilipo, ni njia gani moja itanipitisha kwenye vitu viwili vitatu ninavyovitaka bila kunirudisha nyuma?

Sisi wa Moshi na Arusha tuna bahati ya barabara ambayo wengi wetu tunaipita tumelala: Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma, kisha Mtera na Iringa. Ni lami. Mwaka uliofuata baada ya Kigoma tuliishika hiyo tu.

Kolo ni kijiji kilicho kando ya barabara, kabla hujafika Kondoa mjini. Ukiwa kwenye basi unaweza kudhani ni kituo cha kununua maji. Pale ndipo ilipo ofisi ya mambo ya kale, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, mnaelekea milimani kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mapango yenye michoro yako mengi, yametawanyika kwenye majabali ya eneo zima. Ya karibu na Kolo unayafikia kwa gari kisha unapanda kwa miguu, na viatu viwe vya kufunga, si kandambili.

Mwongozaji wetu alituambia tusubiri macho yazoee kivuli. Mwanzoni niliona mwamba tu, wenye madoa ya kutu. Kisha doa moja likawa na miguu. Likawa mtu mwembamba, mrefu kupita kiasi, rangi nyekundu ya damu iliyokauka, kichwani kama ana nywele zilizosimama. Pembeni yake mwingine, na mwingine. Mwanangu mkubwa, ambaye darasani historia inamchosha, alikaa chini akaanza kuwachora kwenye daftari bila kuambiwa. Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Mwongozaji akatuonyesha mahali ambapo wenyeji bado wanakwenda kutambika, akatuomba tusiguse mwamba kwa sababu jasho la mikono linaharibu rangi. Nawaomba na ninyi msiguse.

Tulilala Dodoma usiku mmoja tu, kwa kupumzika. Iringa tulikaa siku nne, na hapo ndipo nilipojifunza raha ya kuweka mabegi chini. Unapata gesti moja, unamzoea muuza chai wa pale nje, asubuhi unachagua pa kwenda. Siku moja Isimila, kilomita kama 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya: korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na mashoka ya mawe ya watu wa kale. Siku nyingine Kalenga, kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa na Wajerumani, na fuvu lake halikurudi Uhehe mpaka 1954. Ruaha inafikika kutoka Iringa pia, ila inataka gari. Kwa Mtanzania kiingilio cha hifadhi si kinachofilisi, tunalipa kwa shilingi na ni kidogo kuliko anacholipa mgeni. Beba kitambulisho cha NIDA. Gharama kubwa ni gari la kukodi, kwa hiyo tafuta wenzako mchangie.

Msimu nao una sauti. Kaskazini tuna masika, Machi mpaka Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka. Nyanda za juu kusini mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Anayetaka maua ya Hifadhi ya Kitulo lazima aende na mvua hiyo hiyo, na akubali matope. Anayetaka tembo wa Tarangire asubiri kiangazi, Julai hadi Oktoba, wanapokusanyika mtoni. Nyumbu wa Serengeti huzaa upande wa Ndutu mwanzoni mwa mwaka, na kuvuka Mto Mara ni katikati ya mwaka kuendelea. Kwa hiyo "niende Serengeti?" bila kutaja mwezi ni swali nusu.

Wakati mwingine kinachochagua ni moyo wa mtu unayesafiri naye. Mama yangu, mzaliwa wa Kibosho, alifika miaka 70 hajaona bahari. Baba yake aliwahi kukata mkonge Tanga. Hatukumpeleka Zanzibar. Tulishuka Same, Mombo, tukapanda Lushoto tukalala siku mbili akale matunda na kutazama nyika kutoka Irente, kisha Korogwe na Tanga. Njiani kuelekea Muheza akaniomba nimfungulie kioo. Mashamba ya mkonge yalikuwa pande zote mbili, mistari imenyooka, na mama anaitazama kimya.

Na kama fedha ni ndogo, usione haya kubaki hapa hapa. Kuna watu wa Moshi wanaiona Kibo kila asubuhi na hawajawahi kupita lango la Marangu. Mpaka kituo cha Mandara, mita 2,700 hivi, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na msitu ule ni ulimwengu mwingine.

Sasa mpwa wangu, kwa Septemba yako: kusini ni kukavu, barabara ni nzuri. Panda basi la alfajiri Arusha, shuka Kondoa, kesho yake Kolo, halafu Dodoma, halafu Iringa usiku wa nne au wa tano, na usihame tena mpaka siku ya kurudi. Mtera, basi likisimama, nunua samaki wa kukaanga akiwa bado wa moto.

Sisi mwakani tunarudi Kigoma, mji huo mmoja tu. Mwanangu mdogo ameshauliza boti ya Gombe inaondoka saa ngapi.