Umetolewa Utumbo Mpana? Kliniki Haijaisha

Wiki iliyopita msomaji wa Ahero aliniandikia: "Dada, nilitolewa utumbo mpana na polipu zote, vile vinyama vinavyoota ndani yake, zikaenda nao. Nirudi hospitali kila mwaka kutafuta nini?" Nilishindwa kulala. Baba yangu aliuliza hivyohivyo, akaambiwa amepona, aende nyumbani. Baadaye saratani ilimtokea kwenye puru aliyoachiwa, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo karibu na njia ya haja kubwa. Tulimzika Nyakach, na hadi leo nina uchungu na waliomwachilia bila kumpa tarehe ya kurudi.

Ugonjwa wetu, polipu za kurithi za utumbo mpana (FAP), unatokana na hitilafu katika jeni iitwayo APC. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Polipu huota kwa mamia, na bila upasuaji karibu kila mgonjwa hupata saratani ya utumbo mpana, wengi kabla ya miaka 50. Ndiyo maana nilikubali kupasuliwa nikiwa msichana, majirani wakinong'ona kwamba nimerogwa.

Ndugu yangu, daktari alitoa utumbo, jeni ikabaki mwilini mwako. Kama uliachiwa puru, ichunguzwe kwa kamera kila miezi 6 hadi 12. Kama ulitengenezewa mfuko kwa utumbo mwembamba, nao huota polipu, hasa pale ulipoungwa, kwa hiyo uangaliwe kila mwaka. Halafu kuna kamera ya kupitia mdomoni, ambayo wengi huikwepa. Mwanzo wa utumbo mwembamba, pale chakula kinapotoka tumboni, ni mahali ambapo saratani huwapata watu waliokwisha kupasuliwa. Na ukipapasa donge tumboni au kwenye kovu, usilifiche. Huenda ni desmoidi, uvimbe usiosambaa mwilini lakini unaoweza kubana matumbo, na mara nyingi huanza baada ya upasuaji.

Mwezi jana nilipanda matatu ya alfajiri kutoka Kisumu hadi Eldoret. Kamera ilikuta polipu changa kwenye puru, zikaondolewa papo hapo. Namshukuru Mungu, na najivunia kwamba sijawahi kuruka kliniki. Kaka yangu hataki hata kupimwa, na mwanawe ametimiza miaka 12, umri ambao watoto wa koo zetu wanapaswa kuwa wameanza kuchunguzwa. Jamani, wazazi, aibu yenu isiwaponze watoto!

Wewe wa Ahero, kaombe ripoti ya upasuaji wako. Uliza uliachiwa puru au mfuko, kisha uandikiwe tarehe ya kamera zote mbili. Ukiipata, niandikie.