Mfalme wa Japani ana kazi gani?

Ndugu, umeuliza kwa nini Japani inaendelea kuwa na mfalme asiye na mamlaka. Kumnyima mamlaka kulifanywa makusudi. Chini ya katiba ya 1889 Tenno, yaani mfalme wa Japani, alikuwa mtakatifu asiyeguswa, na vita vikapiganwa kwa jina lake. Katiba ya 1947 ikamfanya alama ya taifa na ya umoja wa wananchi, bila madaraka yoyote ya kiserikali. Hata waziri mkuu huchaguliwa na bunge, Tenno humteua kirasmi tu.

Sasa alama inasaidia nini? Mkumbuke Akihito, aliyekuwa Tenno wakati huo, baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011. Alizungumza na taifa kwa televisheni, kisha yeye na mkewe Michiko wakawafuata waathirika kwenye makazi ya muda, wakapiga magoti sakafuni ili waongee nao uso kwa uso. Mtoto wa Hirohito, Tenno wa enzi ya vita aliyehesabiwa kuwa mungu! Kwangu mimi, maana yote iko hapo. Mwanasiasa akienda kuwapa pole waathirika, watu hujiuliza anatafuta kura ngapi. Tenno hana kura ya kuomba.