Maswali Yenu: Yule tajiri alinunua daraja lipi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Naomba utuamulie, mimi na shemeji yangu tumebishana wiki nzima. Yeye anasema kuna tajiri wa Kimarekani aliuziwa London Bridge akijua ananunua lile lenye minara miwili, mzigo ulipofika kwake ndo akagundua kapigwa. Mimi nasema hiyo stori ya vijiweni, mbona la minara bado lipo pale pale mtoni? Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, na shemeji msalimie sana. Umemshinda ila kwa goli moja tu, maana tajiri alikuwepo kweli, daraja liliuzwa kweli, na lilibebwa likapelekwa jangwani kweli. Chumvi imewekwa hapo pa kudanganywa.

Ugomvi wenu unaanzia kwenye majina. Kuna London Bridge na kuna Tower Bridge, yote mawili yako juu ya mto Thames na wala hayako mbali, na lenye minara, lile linalofunguka katikati kupisha meli, ni Tower Bridge. Watu wanapost picha yake halafu chini wanaandika London Bridge, kila siku hiyo! London Bridge lenyewe la sasa ukipita juu yake unaweza usijue kama umeshavuka, ni zege limelala tambarare, mabasi na watu wanaowahi kazini, basi. Malkia Elizabeth wa Pili alilizindua mwaka 1973.

Ila kwa ukongwe Tower Bridge ni mtoto kabisa, limefunguliwa 1894. Eneo la London Bridge watu wanavuka tangu Warumi walipoweka daraja la mbao karibu miaka 2,000 iliyopita, likaharibika likajengwa, likaharibika tena likajengwa tena, mpaka padri mmoja, Peter of Colechurch, alipoanza la mawe mwaka 1176. Hakuliona likiisha, alikufa 1205 na daraja likakamilika 1209.

Hilo la mawe ndo ningelipa nauli kwenda kuliona, kama lingekuwepo. Lilikuwa mtaa kamili juu ya maji, kuna maduka, nyumba za ghorofa watu wanalala humo, kuna na kanisa dogo la Mtakatifu Thomas Becket, na njia ya kupita imebanwa katikati ya nyumba mpaka mikokoteni ikikutana ni kelele. Mwaka 1722 ikabidi itolewe amri kila chombo kishike upande wake wa kushoto. Na ukifika getini unapokelewa na vichwa vya watu waliouawa kwa kosa la uhaini, vimechovywa lami visioze haraka, vimechomekwa juu ya miti. Kichwa cha William Wallace, aliyewaongoza Waskoti kupigana na Waingereza, kiliwekwa hapo 1305, na cha Thomas More, aliyekuwa waziri wa mfalme wa Uingereza, 1535. Hebu fikiria unatoka zako kununua mkate unapita chini ya hivyo.

Sasa matao yake yalikuwa 19 na nguzo zake nene kupita kiasi, kwahiyo mto ulibanwa kama mtu amezibwa pua, maji yanajaa upande mmoja halafu yanaporomoka upande wa pili kama maporomoko, na wenye mashua waliojifanya wanajua kupenya chini yake wengi walizama. Abiria wenye akili walikuwa wanashuka kabla ya daraja, wanatembea kwa miguu, wanapanda tena mbele. Kubanwa huko ndo kulichangia pia mto kuganda miaka ya baridi kali, kwa sababu maji ya juu ya daraja yalikuwa yanakwenda polepole, barafu inakuwa nene mpaka watu wanafungua vibanda vya biashara katikati ya mto. Mara ya mwisho ilikuwa 1814. Daraja lilipokuja kuvunjwa maji yakaanza kukimbia, na pale mjini Thames haikuganda tena namna ile.

Twende kwa tajiri wenu. Mwaka 1831 lilifunguliwa jipya la granaiti, matao 5 tu, ramani yake ilichorwa na John Rennie na mwanae ndo akalisimamia kulijenga. Zuri, ila lilikuwa linazama taratibu kwenye udongo, upande mmoja zaidi ya mwingine, na magari yalivyoongezeka wakaona hapa hakuna namna, lijengwe lingine. Badala ya kuvunja na kutupa mawe, diwani mmoja wa jiji anaitwa Ivan Luckin akasema liuzwe. Likauzwa 1968 kwa dola 2,460,000 kwa Robert McCulloch, jamaa wa mafuta na misumeno ya mashine, ambaye alikuwa anaanzisha mji unaitwa Lake Havasu City kule Arizona na anatafuta kitu cha kuvuta watu waje kununua viwanja.

Mawe yakapewa namba moja moja, yakapakiwa melini yakapita mfereji wa Panama mpaka California, kisha malori. Kilichosafiri hasa ni mawe ya nje, ndani kule walijenga zege kwanza halafu wakalivika yale mawe. Na kinachonichekesha mimi ni kwamba walilijenga nchi kavu, halafu wakachimba mfereji chini yake maji ya ziwa yapite, yaani daraja lilitangulia na maji yakafuata! Lilizinduliwa Oktoba 1971 na mpaka leo watu wanavuka.

Kuhusu kupigwa, McCulloch mwenyewe alikana na Luckin akakana. Na kwa akili ya kawaida tu, mtu anayenunua kitu cha dola milioni mbili na ushee anajua anachonunua. Mwambie shemeji anunue soda.

SWALI: Kaka mhariri, haya madaraja yanayofunguliwa kila siku na kupakwa rangi, nani analipa? Au ni kodi za wananchi?

JIBU: Hapana, na hapa nawapa heshima yao. Kuna mfuko wa madaraja ulioanza zamani sana, hati zake zinarudi nyuma hadi 1282, ukikusanya ushuru wa kuvuka, kodi za nyumba na sadaka za watu. Pesa ikatunzwa karne kwa karne, na leo mfuko huo huo unahudumia madaraja 5 ya Thames, Tower Bridge likiwemo, na ziada inakwenda kwenye misaada ya wakazi wa London. Meli ikitaka kupita Tower Bridge inatoa taarifa saa 24 kabla na hailipi hata senti.

SWALI: Mhariri, ni kweli basi liliwahi kuruka Tower Bridge likiwa linafunguka? Nimeona tu kwenye katuni.

JIBU: Kweli tupu, mdogo wangu. Ilikuwa tarehe 30 Desemba 1952, basi namba 78 la ghorofa linatoka upande wa kusini, mlinzi wa zamu hiyo alikuwa wa muda na hakutoa onyo, gari likiwa bado juu ya daraja njia ikaanza kupanda. Dereva Albert Gunter akaona breki haitamsaidia, akakanyaga mafuta, basi likaruka likatua upande wa pili ambao ulikuwa haujaanza kuinuka, chini kama mita 2 hivi. Hakuna aliyeumia vibaya. Jiji likamzawadia pauni 10.